Kiungo Kilichokatika Mstari: Kutafuta Chanzo na Kukirekebisha katika Mafaili ya Markdown

Hapa Tanga tuko wachache tunaoandika kurasa za kuwaelekeza wageni: namna ya kufika Mapango ya Amboni, mahali pa kushukia kwa anayekwenda Magofu ya Tongoni, ratiba za mabasi ya Pangani na Lushoto. Tunaandika kwa Markdown, yaani maandishi matupu yenye alama chache, kwa sababu faili lake ni jepesi, linafunguka kwenye kompyuta kuukuu na kwenye simu, wala halihitaji programu ya kununua. Faili moja hupita mikononi mwa watu kadhaa. Wa Chumbageni anatumia Vim, wa Ngamiani anatumia VS Code, mwingine anasahihisha kwenye simu na kurudisha kwa barua pepe. Katika kupokezana huko, kinachoumia kuliko vyote ni viungo.

Na kiungo kikiumia anayetaabika ni msomaji. Mtu amesimama stendi, amebofya ratiba, anaambiwa ukurasa haupatikani. Hawezi kujua kwamba kosa ni mstari uliokatwa mahali pasipotakiwa. Kwa hiyo jambo hili linastahili kufuatiliwa hadi chanzo chake, kuliko kubandika anwani upya kila linapotokea.

Shika kwanza tofauti moja, maana karibu kila tatizo hapa chini linatoka humo. Kiungo cha Markdown kina sehemu mbili: maandishi yanayosomwa, ndani ya mabano ya mraba, na anwani, ndani ya mabano ya duara. Maandishi yanavumilia kukatwa mstari. Anwani haivumilii. Ukiandika hivi, kiungo ni kizima kabisa:

```
Soma [maelezo ya njia ya kwenda
Mapango ya Amboni](https://example.org/tanga/amboni).
```

Programu inayogeuza faili kuwa ukurasa huchukua ule mkato kama nafasi ya kawaida kati ya maneno. Ndivyo ilivyokuwa tangu John Gruber alipoitoa Markdown mwaka 2004, na kanuni za CommonMark, zilizoanza mwaka 2014 ili programu zote zisome Markdown kwa namna moja, zinasema vivyo hivyo. Usipoteze muda kuunganisha mistari ya aina hii, haijaharibika.

Kabla ya kugusa chochote: mstari umekunjwa au umekatwa?

Vihariri vingi, yaani programu za kuandikia kama Vim na VS Code, huukunja mstari mrefu ili uenee kwenye kioo, bila kuongeza chochote ndani ya faili. Huko ni kukunja kwa macho tu. Kukata ni jambo jingine: alama ya mstari mpya imeingia ndani ya faili na itasafiri nalo popote liendako. Kuzitofautisha ni rahisi. Panua au punguza dirisha la kihariri. Maneno yakihama, mstari umekunjwa tu. Kwenye VS Code, Alt na Z huwasha na kuzima ukunjaji. Kwenye Linux amri hii inamaliza ubishi:

```
cat -A mabasi.md
```

Kila palipo na alama `$` mwishoni, mstari umekatwa hapo kweli. Ukiona `^M$`, faili limetoka Windows. Hilo tutalirudia.

Dalili: mabano yote yanaonekana kwenye ukurasa, na nusu ya anwani imegeuka buluu

Hili ndilo linalotupata zaidi, na ndilo baya zaidi, kwa sababu ile nusu ya buluu inabofyeka na kumpeleka msomaji pasipo na kitu. Ndani ya faili liko hivi:

```
Njia imeelezwa katika [mwongozo wa mapango](https://example.org/tanga/vivutio/mapango-
ya-amboni/njia).
```

Anwani ndani ya mabano ya duara hairuhusiwi kuwa na nafasi wala mstari mpya katikati yake. Programu ikifika mwisho wa `mapango-` inaona anwani imekwisha, inatafuta mabano ya kufunga, inakuta maneno mengine, basi inaamua kwamba hiki si kiungo na kuyaacha mabano yote kama maandishi. Baadhi ya programu, ikiwemo ile ya GitHub, tovuti ya kuhifadhi mafaili ya kazi ya pamoja, huendelea hatua moja mbele: zikiona maandishi yanayoanza na `https://` huyageuza kiungo zenyewe hadi penye nafasi ya kwanza. Ndipo inapozaliwa ile nusu ya buluu.

Nani amekata? Watu hukimbilia kulaumu kihariri, lakini tazama mahali penyewe. Kihariri kinachokata mistari hukata penye nafasi kati ya maneno, na anwani haina nafasi. Anwani ndefu hukiuka ukingo na kuachwa hivyo hivyo. Ukikuta mkato katikati ya anwani, mshukiwa wa kwanza ni mahali ulikonakili: barua pepe ya maandishi matupu, PDF, au dirisha la terminali, yaani la kuandikia amri. Kanuni za barua pepe, RFC 5322, zinashauri mstari usizidi herufi 78, na programu nyingi hukata ili zitii ushauri huo. PDF nayo haina mstari mrefu wa kukunja. Kila mstari unaouona ni kipande kinachojitegemea, na ukinakili unapata vipande. Mshukiwa mwingine ni skripti, yaani programu fupi, ya kwenu wenyewe ya kupanga aya: moduli ya `textwrap` ya lugha ya Python, kwa mfano, hukata hata penye kistari, mpaka uiambie `break_on_hyphens=False`.

Kurekebisha ni kuunganisha mistari miwili, ila simama kidogo kama mkato umeangukia kwenye kistari. Je, kile kistari cha `mapango-` ni cha anwani, au kimeongezwa na mpangaji wa kurasa ili kuonyesha kwamba neno linaendelea? Katika mfano wetu ni cha anwani, kwa kuwa vipande vingine vyote vimeunganishwa kwa vistari. Lakini ukikuta `magofu-ya-ton-` kisha `goni` kwenye mstari wa pili, kile cha mwisho hakika kimeongezwa. Kanuni za anwani za intaneti, RFC 3986 ya mwaka 2005, zinaonya juu ya jambo hili hili: anayevunja anwani ndefu asiivunje baada ya kistari, maana msomaji hatajua kama ni chake. Dawa ya uhakika ni kuifungua anwani iliyounganishwa kwenye kivinjari kabla ya kuhifadhi faili.

Kuna kitu kinachowachanganya wengi hapa. Mtu anachukua anwani ile ile iliyokatika, anaibandika kwenye kivinjari, ukurasa unafunguka, kisha anadai Markdown ndiyo mbovu. Kivinjari kinaposoma anwani huondoa mistari mipya na tabo zote. Ndiyo sababu hata `<a href="...">` ya HTML yenye mkato ndani ya alama za kunukuu hufanya kazi. Ila nafasi zilizo mwanzoni mwa mstari wa pili haziondolewi. Hugeuka `%20` na kuharibu anwani. Kufunguka kwenye kivinjari si ushahidi kwamba faili lako ni zima.

Anwani moja tu huweza kukatwa na kihariri chenyewe: ile yenye nafasi ndani yake, kama vile jina la picha. CommonMark inakubali nafasi ukiifunga anwani kwa mabano ya pembe, `[picha](<picha za Tongoni.jpg>)`, lakini mstari mpya haikubali hata ndani ya mabano hayo, na kihariri kikiona zile nafasi kitakata bila kusita. Liite faili `picha-za-tongoni.jpg` tangu mwanzo uachane na mashaka.

Ukitaka kupumzisha mstari mrefu, inaruhusiwa kushusha anwani nzima mstari wa chini, mradi yenyewe ibaki kipande kimoja:

```
[mwongozo wa mapango](
https://example.org/tanga/vivutio/mapango-ya-amboni/njia)
```

CommonMark inalikubali hili, lakini programu za zamani si zote. Mimi silipendi, kwa sababu namna ya viungo vya rejea, ambapo anwani huandikwa kando na kupewa jina, nitakayoieleza chini, inasomeka vizuri zaidi.

Dalili: kitone cha orodha kimeibuka katikati ya kiungo

Nilisema maandishi yanavumilia kukatwa. Yana udhaifu mmoja, na kwa sisi wa ratiba za mabasi unatuuma mara kwa mara:

```
Kwa nauli na saa za kuondoka tazama [ratiba ya Tanga
- Pangani](https://example.org/mabasi/pangani).
```

Kihariri kimekata kabla ya kistari, kistari kimeangukia mwanzo wa mstari, na kistari mwanzoni mwa mstari kikifuatwa na nafasi ni alama ya orodha. Programu hupanga kwanza maumbo makubwa, yaani aya, orodha, vichwa na nukuu, ndipo iingie ndani kutafuta viungo. Inapofika zamu ya viungo, bano la kufungua limebaki kwenye aya na la kufunga limo kwenye orodha. Hayawezi tena kukutana. Ukurasani unaona aya inayoishia na "[ratiba ya Tanga", halafu kitone, halafu "Pangani](https".

Alama nyingine zenye tabia hiyo zikiwa mwanzo wa mstari na kufuatwa na nafasi ni `+`, `*` na `#`. Alama ya `>` haihitaji hata nafasi. Namba ya simu inayoanza na `+255` haina tatizo kwa sababu hakuna nafasi baada ya alama. Namba zenye nukta zinahitaji uangalifu, hasa kwa mwandishi wa Ngamiani ambako barabara huitwa kwa namba: sentensi iliyokatwa hivi kwamba mstari unaanza na "12. Ukifika hapo" inaweza kugeuka orodha. Kwa CommonMark ni namba 1 peke yake inayoweza kuanzisha orodha katikati ya aya, lakini baadhi ya programu nyingine hukubali namba yoyote.

Unaweza kuzuia kwa mkwaju wa kinyume kabla ya kistari, `\-`. Lakini dawa bora iko kwenye lugha yenyewe: andika "ratiba ya Tanga hadi Pangani". Inasomeka vizuri, hata kwa asiyeona anayesomewa ukurasa na kompyuta, na haina cha kuvunjika.

Dalili: kiungo kilichofanya kazi miaka yote kimekufa baada ya kubadilisha programu

Angalia kama mkato umeangukia kati ya mabano mawili, baada ya `]` na kabla ya `(` au `[`. Markdown ya mwanzo iliruhusu mstari mpya kati ya maandishi na jina la rejea:

```
[ratiba ya Lushoto]
[lushoto]
```

CommonMark haikubali. Bano la pili lazima ligusane na la kwanza, bila nafasi wala mkato. Kwa anwani ya mabano ya duara sheria ni hiyo hiyo. Vigusanishe tu. Ukiwa na mafaili mengi ya zamani, kagua hili kabla ya kuhama programu.

Dalili: kiungo kimegawanyika aya mbili, au kimeharibu kichwa au jedwali

Mstari mtupu ndani ya kiungo hukikata moja kwa moja. Hakuna kiungo kinachovuka aya. Ufute. Kichwa kinachoanza na `#` ni cha mstari mmoja tu, na safu ya jedwali ni mstari mmoja tu, kwa hiyo ndani yake hakuna mkato wowote unaofaa, hata kwenye maandishi. Jedwali la nauli lenye anwani ndefu ni mahali pa kutumia viungo vya rejea bila mjadala.

Dalili: kiungo kinafunguka, ila maandishi yake yamekatika mistari miwili ukurasani

Kuna nafasi mbili au zaidi mwishoni mwa mstari, au mkwaju wa kinyume. Hiyo ni amri ya kushuka mstari. Simu nazo hupenda kuacha nafasi baada ya neno zinalolikamilisha. Futa nafasi za mwisho wa mistari. Ujue pia kwamba kwenye maoni ya GitHub kila mkato huonekana kama ulivyo, wakati faili la `.md` lililo kwenye hifadhi hiyo hiyo halifanyi hivyo. Ukijaribu kwenye maoni utapata picha isiyo ya kweli.

Dalili: kila kitu kinaonekana sawa, lakini ukurasa haupatikani

Hapa kosa ni herufi zisizoonekana, na inabidi kuisoma anwani ambayo kivinjari kimeishia nayo.

Ukiona `%0D` mwishoni, skripti imesoma orodha ya anwani kutoka faili la Windows. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, Linux kwa moja, na ile ya ziada imebaki imeng'ang'ania anwani. Markdown yenyewe haisumbuliwi na hili. Wanaosumbuka ni skripti za kukagua viungo. Amri ya `dos2unix`, au kubadili aina ya mwisho wa mstari chini ya dirisha la VS Code, inatosha.

Ukiona `=3D` mahali palipopaswa kuwa `=`, au `=` ya pekee mwisho wa mstari uliokatwa, umenakili barua pepe ikiwa bado ghafi. Barua pepe nyingi hufungwa kwa mtindo ambao mstari hauzidi herufi 76: mkato wa kuongezwa huwekewa `=` mwishoni, na kila `=` halisi huandikwa `=3D`. Usirekebishe kwa mkono. Rudi kwenye barua, ifungue kama kawaida, unakili kutoka hapo.

Kama hakuna hata kimoja, tafuta nafasi isiyokatika au herufi isiyo na upana iliyoingia kutoka kwenye programu ya gumzo au Word. `cat -A` huionyesha nafasi isiyokatika kama `M-BM- `. Futa kipande chote na ukichape upya.

Kuzuia yasirudi

Kwenye Vim andika `:set textwidth=0` kuzuia ukataji, kisha `:set wrap linebreak` ili mistari ikunjwe kwa macho bila kugawa neno. Kwenye Emacs zima `auto-fill-mode`, washa `visual-line-mode`. Nano ilikuwa ikikata yenyewe hadi toleo la 4.0 la mwaka 2019. Kwenye kompyuta kuukuu ifungue kwa `nano -w`. Timu inayotumia Prettier, programu ya kupanga mafaili yenyewe, iweke `proseWrap` kuwa `preserve`, isije ikapanga upya kazi ya kila mtu.

Jambo lililotusaidia kuliko mipangilio yote, hata hivyo, ni kuziondoa anwani katikati ya maandishi kwa viungo vya rejea. Ndani ya aya linabaki jina, na anwani ya jina hilo inaandikwa chini:

```
Basi la kwanza huondoka alfajiri, tazama [ratiba ya
Pangani][] kabla ya kwenda stendi.

[ratiba ya pangani]: https://example.org/mabasi/pangani
```

Jina la rejea limekatwa mstari na herufi kubwa hazilingani, na bado kiungo ni kizima, kwa sababu programu huhesabu mkato kama nafasi na haijali herufi kubwa au ndogo. Aliye kwenye simu anaweza kuhariri aya bila kugusa anwani hata moja. Mambo mawili ya kulinda: orodha ya anwani itanguliwe na mstari mtupu, la sivyo itamezwa na aya iliyo juu yake na kuonekana ukurasani kama maandishi, na usipitishe juu yake amri ya kupanga aya, kama `gq` ya Vim au `M-q` ya Emacs, kwa kuwa mara nyingi huziunganisha anwani zote kwenye mstari mmoja na kuziua pamoja.

Wanaotumia reStructuredText, namna nyingine ya maandishi yenye alama, wana raha kidogo: nafasi na mikato ndani ya anwani ya kiungo huondolewa, kwa hiyo anwani ndefu inaweza kugawanywa mistari. Usiihamishe tabia hiyo kwenye Markdown.

Kukagua mafaili mengi kwa pamoja

Amri hii hutaja kila mstari ambao umefungua bano la anwani bila kulifunga:

```
grep -nE '\]\([^)]*$' *.md
```

Haioni kistari kilichogeuka orodha wala mabano yaliyoachana. Kwa hayo tumia Pandoc, programu ya kugeuza mafaili ya maandishi:

```
pandoc -f gfm -t gfm --wrap=none --reference-links mabasi.md -o mabasi-mpya.md
```

Itaunganisha mistari iliyokatwa ya kila aya na kushusha anwani zote mwisho wa faili. Bila `--wrap=none` Pandoc yenyewe hukata mistari penye herufi 72. Haiponyi kiungo kilichovunjika, bali hukisoma kama maandishi na kuweka mkwaju wa kinyume kabla ya bano lake, na hapo ndipo unapokinasa:

```
grep -nF '\[' mabasi-mpya.md
```

Kila mstari utakaotajwa una bano la mraba ambalo halikuwa kiungo. Machache yatakuwa mabano uliyokusudia. Yaliyobaki yafuate moja moja kwenye faili la awali.